Poda ya Macho Ine

Mimi sipaki bibi arusi poda ambayo sijaivaa mwenyewe. Njo kazi yangu hapa Muheto, na watu wanaijua. Ninaweka ku jicho moja, la kushoto. La kuume ninaliacha vile Mungu aliliumba, nipate kulinganisha. Kisha ninapika nayo, ninafua nayo, ninapuliza moto, ninalala nayo. Asubuhi jicho lenyewe linaniambia kama poda iko nzuri ao iko uchafu tu ndani ya kopo nzuri.

Siku hiyo ya Alhamisi, poda niliyoagiza Goma ilinitia aibu. Ni ile tunaita kinyonga, ya kubadili rangi. Ukigeuka huku iko kijani, ukigeuka huku iko zambarau. Ku picha ya telefone ilikuwa malaika. Ku jicho langu, nilikata kitunguu kimoja tu, machozi yakatoka, na ule umalaika wote ukateremka mpaka kwenye mudomo. Nilifuta na kitambaa cha kupangusia sahani, na kitambaa chenyewe nikakionea huruma.

Na arusi ilikuwa Jumamosi. Bibi arusi alikuwa Cindy, mudogo wangu, mutoto niliyemubeba mugongoni.

Hapa kwetu bibi arusi analiaka. Siyo kulia kidogo ya heshima. Akivuka mulango wa baba yake, alie mpaka wamama waseme, ee, huyu alilelewa. Asipolia, wanaanza kunong'ona. Na mwanamuke wa macho makavu, ku arusi ao ku kilio, watu wana jina lake. Hawalisemi mbele yake, lakini siku moja wanakujaka kumutafuta na mawe. Kule Walikale, kwa watu wa Trésor muchumba wake, njo vilevile.

Kwa hiyo nilitaka poda ya kushinda machozi. Cindy alikataa rangi ingine. Alitaka kinyonga, yeye na Mapendo musindikizaji wake, wote wafanane. Jua likiwa linashuka na ukungu umeanza kukaa kwenye mashamba ya maharagi, nilijifunga kitenge, nikaenda kwa Mama Adelaïde.

Huyu mama alikuwa mugeni. Alipanga nyumba ya mwisho, nyuma ya mikaratusi. Wengine walisema anatoka Bweremana. Watu wa Bweremana nao walisema anatoka Bihambwe. Wateja wangu walikuwa wananisumbua naye tu: poda ya Mama Adelaïde haitoki, hata ulie namna gani.

Harufu ilinipokea kabla ya mwenyewe.

Unajua sufuria ya nyama, mumeisahau imefunikwa, mukaenda kilio siku tatu, mukarudi mukaifungua? Hiyo. Lakini na utamu kidogo ndani yake, na ule utamu njo ulinichafua roho. Nilihisi kama ninaulamba. Na hakukuwa nzi. Nyumba inanuka vile, hata nzi moja hakuna. Nilijiambia labda ni muntu wa usafi.

"Karibu, mama," alinong'ona.

Hakuwasha taa. Ku mafika, yale mawe matatu ya moto, kulikuwa chungu, kimefunikwa na jani la ndizi, kinatokota polepole... pop... pop... Macho yake yalikuwa makavu na meupe-meupe, hayapepesi, kama ya kichwa cha mbuzi ku meza ya muchinjaji. Nilimuonea huruma. Nilifikiri iko na ugonjwa.

Alinionyesha kibati kidogo. Nikawasha tochi ya telefone. Mungu wangu, ile rangi. Kijani, kisha zambarau, kisha shaba, na chini yake kintu kama mafuta kinachotembea. Nilisahau harufu.

"Ya macho ngapi?" aliniuliza.

Nilihesabu kichwani. Cindy mbili, Mapendo mbili.

"Macho ine."

Aliniinamia. Chungu kiliacha kutokota, ao nilidhani hivyo.

"Sema tena."

"Macho ine, Mama."

"Nani anaomba?"

"Njo mimi. Falone, wa kupaka mabibi arusi."

Mabega yake yalitikisika. Alikuwa anacheka, bila sauti. "Mutoto akililia wembe," alisema, "wanamupatia."

Nilipofungua mukoba alinishika mukono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, vinanata, na vilipoachia ngozi yangu vilitoa sauti. "Hii hainunuliwi," alinong'ona. "Inajilipaka."

Nani anakataa cha bure ku wiki ya arusi? Nilipangusa mukono kwenye kitenge njia nzima, lakini kibati nilikishika vizuri.

Nyumbani nilipaka jicho la kushoto. Poda ilikuwa na uvuguvugu. Haikumwagika, haikujikunja kwenye mikunjo ya kope, ilikaa kama imezaliwa pale. Nilipuliza moto, moshi ukanijaa, haikutoka. Nilikata vitunguu vitatu. Jicho la kuume lilitoa machozi mpaka kidevu. La kushoto, hata tone. Nilifurahi kama mupumbavu. Nilisema, hii njo poda.

"Dada, niweke na mimi," Cindy alisema, amenisimamia na kioo.

"Kesho. Acha kwanza niivae."

Alinuna. Ni mutoto wa mwisho, anazoea kupata. Nilimuangalia yale macho yake mazuri, na ile alama ndogo ya kahawia aliyozaliwa nayo kwenye weupe wa jicho la kuume, kama mbegu ya mulenda. Nilishapanga rangi ya kuipendeza.

Asubuhi ya Ijumaa ile harufu ilikuwa ndani ya chumba changu. Nilinusa godoro, nikanusa viatu. Kisha nikainama ku kioo... na harufu ikaja na sura yangu.

Poda ilikuwa palepale, mubichi, inang'aa. Nilikaa kimya, sikugeuza kichwa. Rangi iligeuka yenyewe. Kijani. Zambarau. Shaba. Hapo njo nilijua nilishaona wapi rangi ile. Ni nzi. Wale wakubwa wa kijani, wa kukaa kwenye mbwa aliyekufa.

Nilifungua kibati. Ku kifuniko kulikuwa kaguu kadogo, keusi, kenye manyoya. Kibati kilikuwa chepesi kuliko jana, lakini akili yangu haikusimama hapo. Nilinawa na sabuni. Nilinawa na mafuta ya mawese, na ndimu, na majivu. Kope iliwaka moto, ikavimba, lakini rangi haikutoka hata kidogo. Kwenye kitambaa kulibaki ute tu, wa kuvutika kama wa bamia iliyooza.

Nilimukimbilia Koko Joséphine-Marie. Bibi yetu huyo alizaliwa kule porini Walikale, na ijapokuwa hakosaki misa, kuna vintu wazee wake walimuonyesha ambavyo padri hajui. Alikuwa jikoni anachagua maharagi.

Alininusa kabla sijasema. Uso wake ukajikunja.

"Alikuuliza nini, huyo mama?"

"Ya macho ngapi."

"Ukajibu?"

"Macho ine, Koko. Mbili za Cindy, mbili za Map..."

Mukono wake ulisimama ndani ya maharagi.

Na mimi nikasikia neno langu mwenyewe. Kila mutoto wa huku anajua muntu wa macho ine ni nani. Ni muchawi, yule anayeona usiku. Ni yule anayekula watu. Lakini mudomoni mwangu ilikuwa hesabu tu, mbili na mbili.

"Mudomo uliponza kichwa," Koko alisema polepole. "Macho mbili ni zako, Falone. Zingine mbili, ulifikiri ni za nani?"

Alinivuta karibu.

"Funga la kuume. Uniambie unaona nini."

Nikalifunga.

Jiko letu lilipotea. Niliona mikono, siyo yangu, inafunua jani la ndizi. Mvuke ulipanda. Ndani ya chungu nzi za kijani zilikuwa zimejaa mpaka juu, zingine bado zinatembea. Mikono ilizisukuma pembeni, ikashika kintu laini, ikakivuta karibu. Ilikuwa paji la uso na macho mbili yamefungwa. Ukucha ulianza kukwaruza kope, taratibu, kama unakwaruza ukoko wa bukari chini ya sufuria, na kila ulipokwaruza, kijani kilianguka kwenye kibati.

Ningeweza kusema simujui. Lakini niliona nyusi.

Ule mukia mwembamba wa nyusi, uliopinda juu kidogo mwishoni, hakuna mwingine anauchora hapa Muheto. Nilikuwa nimeuchora mimi, juma lililopita, ndani ya sanduku, ku uso wa Bénédicte, binti wa katekista, kabla ya kumuzika.

Kisha ukucha ulipanda karibu, karibu sana... ukashuka chini ya macho niliyokuwa ninaona nayo. Ukaingia mudomoni. Nikasikia ladha.

Nilitapikia maharagi ya Koko. Nilitapika mpaka ikatoka maji ya njano, na ule utamu ulibaki kwenye meno.

Kibati nilikitupa chooni. Mimi na Koko tulienda mpaka nyuma ya mikaratusi, tukakuta mulango wazi, chungu hakuna, muntu hakuna. Wenye walikuwa pale ni nzi. Nyumba nzima ilikuwa nyeusi na nzi, wanatafuta chakula chao kimeenda wapi. Koko aliomba kwa lugha ambayo sikuisikia tangu babu afe. Njiani kurudi alisema jicho langu moja limekwenda, nishukuru Mungu sikumupaka mutoto.

Nilishukuru. Nilishukuru kweli.

Jumamosi nilimupaka Cindy poda ya kahawia ya kila siku, na Mapendo vilevile. Hakunung'unika. Ningepaswa kushangaa. Nilifunga jicho langu na bandeji, nikasema ni moto wa makaa.

Saa ya kutoka ilifika. Wamama walianza wimbo wa kumuaga, ule ambao hata wanaume wanageuka kando. Mama yetu alikuwa analia mpaka anashikiliwa. Cindy alisimama ku mulango, nguo nyeupe, mabega yanapanda na kushuka, mudomo wazi, sauti ya kilio inatoka.

Macho makavu.

Wimbo uliendelea, lakini chini yake nilisikia kingine kimeanza. Nong'ono. Shangazi wa Trésor alimuinamia mwenzake.

Nilimuvuta Cindy kama ninamutengenezea shela. "Lia," nilimunong'oneza.

"Hazitoki, dada."

"Cindy. Ulifanya nini?"

"Kidogo tu. Alhamisi, ulipolala. Macho yote mbili. Nikafuta palepale, na kitenge, na ikatoka..."

Nilimushika kidevu, nikamugeuza ku mwangaza. Weupe wa jicho lake la kuume ulikuwa safi. Safi kama sahani. Ile alama aliyozaliwa nayo haikuwapo.

Ile poda haishindi machozi. Inayanywa.

Nilipoinua uso, nilimuona nyuma ya watu wote, amevaa kitenge kipya. Mama Adelaïde. Alikuwa analia. Machozi yalimuteremka mpaka shingoni, na mama mumoja alimushika mabega kumufariji, akisema, huyu mugeni ana roho nzuri. Macho yake hayakuwa meupe tena. Yalikuwa laini, ya musichana. Aliyapepesa kwangu, na kwenye la kuume niliona kadoa kadogo ka kahawia.

Nilisukuma watu. Nilipofika, yule mama mumoja alikuwa amesimama peke yake, anapangusa mikono kwenye nguo yake na kuinusa.

Cindy alienda Walikale. Anaona vizuri, anasoma hata maandishi madogo ya ku dawa. Siku ile nilimufunika na shela na kuwaambia watu amelia mpaka amekauka, na wengine walikubali. Lakini Koko alikufa mwaka huu, na ku kilio hakuna shela.

Alikuja na wakwe zake. Walisimama ku ukingo wa kaburi, na wote hawakuwa wanaangalia kaburi. Walikuwa wanamuangalia yeye. Nilimupa kitambaa chenye kitunguu. Alikiweka usoni mpaka ngozi ikawa nyekundu, na hakuna kilichotoka. Nikamuvuta kifuani, nikaficha uso wake kwenye kitenge changu, nikageuzia watu upande wangu wa kuume, nikalia kwa sauti ya watu wawili. Kati ya macho yetu ine, moja tu njo ilikuwa inalia, lakini kwa mbali haikuonekana.

Nyuma yetu, kwenye migomba, kulikuwa mwingine anamulilia Koko. Nilisikia kwikwi zake, na upepo ulileta ule utamu. Sikugeuka.

Rangi yangu iko palepale. Nikitoka bila bandeji, wasichana wananisimamisha ku soko, wanauliza nilitoa wapi poda ya kushika namna hii. Ninawaambia iliisha.

Lakini mimi niliomba ya macho ine, kwa mudomo wangu, mara mbili, na jina nikataja. Mama Adelaïde amepata tatu, bado moja.

Jana nilikuwa ninakata kitunguu cha mboga. Nilikata nusu, nikangoja. Nikakata nusu ingine. Jicho la kuume lilichelewa kulia.