Chiriku na Kituo cha Saa Tisa

Msusi alikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja na wateja wengi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Vidole vyake havikupumzika, na mdomo wake pia. Wateja waliondoka na nywele nzuri pamoja na habari za mtaa mzima.

Binti yake alikuwa na miaka kumi na miwili. Majirani walimwita Chiriku, maana akianza kusema, hakuna mwingine aliyepata nafasi. Lakini mwaka ule bibi yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga, alifariki. Chiriku akanyamaza. Kisha akaanza kulipuka. Akikosolewa darasani, alirusha vitabu. Akishindwa mchezoni, alipiga wenzake. Chakula alikichokonoa tu.

Msusi alimkanya, akamnyima kucheza, akamchapa. Shangazi wa mtoto alisema ndivyo hasa, samaki mkunje angali mbichi. Mambo yakazidi kuharibika. Siku moja Chiriku alirusha kiti, kikamwumiza mwenzake mguu. Mwalimu mkuu akasema likitokea tena, atasimamishwa shule.

Kesho yake alikuja kusukwa muuguzi, jirani wa nyumba ya tatu. Msusi alisuka kimya. Muuguzi akamwuliza kulikoni, naye akatokwa na machozi, akaeleza yote.

"Tangu bibi yake afariki, mtoto amewahi kulia?" muuguzi akauliza.

Msusi akafikiri. "Nilimwambia ajikaze. Hata mimi nilijikaza. Yule alikuwa mama yangu."

"Basi huzuni imekosa mlango. Sasa inatokea dirishani, na vioo inavunja."

Shangazi alikuwa pembeni anakunja taulo. Akauliza kama sasa mtoto atapelekwa kwa vichaa, na samaki asikunjwe tena.

"Samaki hukunjwa, shangazi. Hapondwi," muuguzi akajibu. Shangazi akacheka bila kupenda.

Muuguzi akaeleza kwamba moyo nao huugua, kama tumbo au jino, na hutibika. Kituo cha afya kilikuwa na huduma ya watoto baada ya masomo, siku tatu kwa wiki, kuanzia saa tisa alasiri. Mtoto haachi shule, na siri zake hazitangazwi mtaani. Akaongeza kwamba mtoto akisema anataka kujidhuru, mzazi asingoje hata siku moja.

Kumbe kulikuwa na njia! Alasiri ile ile msusi alifunga saluni, akamshika binti yake mkono, wakaenda.

Mshauri wa kituo alikuwa mwanamke mpole mwenye viatu vya michezo. Alizungumza na mama, kisha na mtoto peke yake. Hakuuliza "kwa nini umefanya hivi?" Aliuliza hasira ikianza, Chiriku huisikia wapi mwilini. Chiriku akagusa kifua.

Chiriku akaingizwa katika kikundi cha watoto wanane. Walicheza, walichora, walizungumza. Walijifunza kuitambua hasira ikiwa bado ndogo, kuondoka kidogo, kupumua polepole, kisha kusema kinachouma. Wazazi nao walikuwa na siku yao. Msusi, bingwa wa kusema, alifundishwa kusikiliza. Alikiri kwamba hilo lilikuwa gumu kuliko kusuka nywele fupi.

Haikuwa mteremko. Wiki ya tatu Chiriku alichana mchoro wake, akakataa kwenda. Mshauri alimweleza mama kwamba kuna siku za kurudi nyuma, na wasikate tamaa. Jioni ile msusi hakugomba. Alitoa picha ya bibi, akaketi kitandani kwa binti yake.

"Mimi pia namkumbuka," akasema. "Kila siku."

Wakalia pamoja, kwa mara ya kwanza. Kesho yake Chiriku alitangulia mlangoni, mkoba begani.

Miezi ikapita. Kiti hakikurushwa tena. Chiriku alimwomba radhi yule mwenzake, na wote wawili wakachaguliwa kwenye timu ya mpira wa pete ya shule.

Siku ya mechi, msusi, shangazi na muuguzi walijipanga mstari wa mbele. Magoli yalilingana hadi mwisho. Chiriku akapata mpira, akalenga, akakosa. Wapinzani wakaunyakua na kufunga. Filimbi ikalia.

Msusi aliuona uso wa binti yake ukikunjamana na mikono ikikunja ngumi. Chiriku akatoka hadi ukingoni mwa uwanja, akaweka mkono kifuani. Akapumua mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akarudi, akampa mkono aliyewafunga.

Msusi akaruka juu, akapiga vigelegele hadi kilemba kikamdondoka. Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Chiriku akamkimbilia, ameona haya.

"Mama, nyamaza. Sisi ndio tumefungwa."

"Najua, mwanangu," msusi akasema, akaendelea kupiga vigelegele.