Aligonga Mara Moja

Mlango uligongwa mara moja tu, saa nane mchana, wakati mji mzima wa Nafplio, Ugiriki, umefunga madirisha na kulala. Stamatula, mwenye nyumba ya wageni, alikuwa jikoni.

"Naja," akaitika.

Alipofungua, hapakuwa na mtu. Ngazi ya mawe ilikuwa imelowa kutoka uchochoroni hadi kizingitini, na palinuka mwani uliooza.

Mumewe Argiris alizama mbele ya kijiji chao cha Vivari mwanzoni mwa Julai. Arobaini yake iliangukia wiki ya Sikukuu ya Bikira Maria, katikati ya Agosti, vyumba vimejaa, naye akaiahirisha. Mungu atusamehe, sisi majirani wenye vyumba tulimwona ana akili.

"Aligonga mara ngapi?" aliuliza, baada ya kusimuliwa, mama mkwe wake, Marigo, aliyekuja kutoka Vivari na kikapu cha tini.

"Moja, mama."

"Nawe ulinyamaza?"

"Niliitika, 'Naja.'"

"Kwetu hata mtoto anajua kungoja ya pili. Maiti hana nguvu ya kugonga mara mbili. Anayemwitikia, humfuata kaburini." Marigo akaketi. "Wewe na wageni wako. Hata Malaika Gabrieli akigonga utamuuliza kama anataka chumba cha kuona bahari."

Alisema kwa mzaha, lakini akainuka, akautia mlango komeo.

Siku tatu mfululizo, kila saa nane, Stamatula alikaa nyuma ya mlango amebana kinywa kwa kiganja, akisikiliza nyayo za majimaji zikipanda ngazi moja baada ya nyingine, zikisimama, kisha kule kugonga mara moja, kisha pumzi nzito ikingoja huku maji yakipenya chini ya mlango, na kila siku yakisogea shubiri moja zaidi kuelekea kitanda chake.

Jumamosi wakaenda Vivari. Walichemsha ngano ya arobaini ya marehemu, kama ilivyo desturi, wakaipamba kwa sukari na lozi, na Padri Anthimos akaiombea mbele ya bahari. Stamatula alipiga magoti kokotoni, watu wote wakisikia.

"Nilikuuza kwa vitanda sita, Argiris. Nisamehe."

Waliporudi, ngazi ilikuwa kavu. Jumapili ikapita kimya.

Jumatatu saa nane mlango uligongwa. Stamatula akafanya ishara ya msalaba, akangoja. Ukagongwa tena. Alifungua, nusura ambusu aliyesimama pale: msichana wa Uswidi wa chumba cha chini, taulo begani.

"Samahani, bibi, godoro langu limelowa tangu Jumamosi. Yule bwana aliyekuja mlipokwenda kijijini, ni fundi wa bomba?"

"Bwana yupi?"

"Aliyelowa chapachapa. Aligonga kwako, hamkuwepo, akashuka kwangu."

"Kwako aligonga mara ngapi?" Stamatula alinong'ona.

"Mara moja. Nikamwambia karibu."

Chini, nyuma ya mlango wa mgeni, mtu akakohoa. Kwa miaka kumi na tisa Stamatula alikuwa amelala ubavuni mwa kikohozi kile.