Kasoro ya Adey

Kila asubuhi, kabla jua la Garissa halijaanza kuchoma, Bilan alikuwa na kazi mbili: kuwanywesha mbuzi maji na kumfuta Adey vumbi. Adey hakuwa mbuzi wala ngamia. Alikuwa pikapu nyeupe ya baba yake. Siku ilipoletwa nyumbani ikiwa mpya, viti bado vimevikwa nailoni, Ayeeyo, nyanya yake Bilan kutoka kijiji cha Diff, aliizunguka mara mbili akaipa jina la ngamia wake mweupe aliyempenda kuliko wote. Tangu hapo nyumba nzima iliiita Adey.

Kazi ya kufuta vumbi ilimchukua Bilan muda mrefu, si kwa sababu ya uvivu, bali kwa sababu akili yake ilipenda kutembea. Mkono ulikuwa kwenye kioo, na mwenyewe yuko mbali. Alitazama korongo wakubwa waliotua juu ya mgunga wa jirani akawaza kuwa ni wazee wanaosubiri chai iletwe. Mwalimu wake alizoea kumwambia, "Bilan, rudi darasani," ilhali msichana amekaa dawati la mbele kabisa.

Baba yake, Guleid, alifanya biashara ya mifugo. Kila Jumatano aliwapakia mbuzi na ndama nyuma ya Adey na kuwapeleka sokoni. Sokoni huko alijulikana kwa jambo moja. Mnunuzi alipomuuliza, "Kasoro yake?" Guleid alijibu kabla hata ya kutaja bei. "Huyu chuchu yake moja imekufa," alisema, au, "Huyu hupiga teke akikamuliwa." Wenzake walimcheka, wakamwambia anafukuza riziki kwa mdomo wake mwenyewe. Hata hivyo, mbuzi wake ndio waliokuwa wakiisha kwanza, na Bilan alijivunia sana kuitwa binti Guleid.

Mara baada ya Idi, Adey akaanza kuugua. Kila alipopata joto, sauti nyembamba kama ya mbu ilitoka chini ya sakafu. Kisha gia zikakataa kushika: injini inanguruma, gari haliendi. Akiachwa apoe, anaondoka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Guleid alimpeleka kwenye karakana ya kampuni iliyomuuzia, akarudi amenuna.

"Wamesemaje?" aliuliza mama yake Bilan, aliyeitwa Deka, huku akimmiminia chai.

"Wamesema waranti imeisha. Dhamana ilikuwa ya miaka mitatu, na miaka mitatu imetimia juzijuzi tu! Muda wote huo gari halikukohoa hata mara moja. Dhamana imeisha leo, kesho linaumwa. Wallahi, utadhani linajua kusoma kalenda."

"Hukuwaomba wakusaidie?"

"Niombe nini, Deka? Nisimame pale kama maskini? Wamesema nibadilishe mtambo wote wa gia kwa gharama yangu. Afadhali nimuuze angali anatembea."

"Na huyo atakayemnunua?"

Guleid alimaliza chai yake. "Kila mtu na bahati yake," akasema mwishowe. Bilan, aliyekuwa akiosha vikombe, aligeuka kumtazama. Hakuwahi kumsikia baba yake akisema neno kama hilo.

Mnunuzi alipatikana upesi. Alikuwa mama mmoja aliyeitwa Weris, mwenye duka Dagahaley, kule kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab. Alitaka gari la kubebea unga na sukari kutoka mjini. Alikuja adhuhuri na mwanawe mdogo, Salah, kulijaribu gari mwenyewe. Kabla hawajaondoka, Guleid alimwita Bilan pembeni.

"Utakaa katikati yetu," alimwambia. "Kazi yako ni redio. Iweke juu, na isishuke."

"Kwa nini, Aabo?"

"Mgeni wetu anapenda nyimbo," alijibu akitazama viatu vyake.

Wakaondoka. Weris alishika usukani, Guleid alikaa upande wa mlango, naye Bilan akawa katikati, Salah mapajani mwake na redio mbele ya magoti yake. Walishika barabara ya Dadaab. Nyumba ziliisha, vichaka vikaanza, na joto likapanda hata barabara mbele yao ikaonekana kama maji. Redio iliimba kwa sauti ya juu. Bilan aliyajua maneno ya wimbo ule, akauimba moyoni. Alijua pia kwa nini redio ilikuwa juu, lakini alijikaza asiliwaze hilo.

"Gari zuri, mashallah," alisema Weris kwa sauti kubwa ili asikike. "Wiki ijayo nitaanza safari. Mimi na huyu Salah wangu tu, sina mwingine wa kufuatana naye."

Salah alikuwa amesinzia. Kichwa chake kilikuwa kizito kifuani mwa Bilan, na kwa lile joto na ule wimbo, akili ya Bilan ikaanza safari yake ya kawaida. Iliwatangulia barabarani. Aliiona pikapu nyeupe imesimama peke yake kati ya vichaka, mbali na mji na mbali na kambi. Magunia ya sukari yalikuwa nyuma. Eeddo Weris, kama Bilan alivyomwita kwa heshima ya shangazi, alikuwa ameketi kwenye kivuli chembamba cha mlango, na Salah anaomba maji. Chupa ilikuwa tupu. Twiga walisimama wakitazama, kisha wakaondoka zao. Hakuna gari lililopita. Ndani ya pikapu redio ilikuwa inaimba kwa furaha, haichoki, na Bilan alipochungulia aone ni nani aliyeiwasha, aliuona mkono wake mwenyewe.

Alishtuka. Salah bado alikuwa amelala mapajani mwake, mzima, jasho limemtoka puani. Bilan akanyoosha mkono akazima redio.

Kimya kiliingia ndani ya gari, na ndani ya kimya kile ikasikika sauti nyembamba, kama ya mbu, chini ya miguu yao.

"Ni nini hicho kinacholia?" aliuliza Weris.

Guleid alikohoa. Mkono wake ulielekea kwenye redio, lakini mkono wa Bilan ulikuwa bado pale na haukuondoka. Alimwogopa baba yake, na zaidi ya kumwogopa, alimwonea huruma.

"Eeddo," alisema, "hujauliza kasoro yake. Sokoni kwetu watu huuliza."

Weris alimtazama msichana, kisha akamtazama baba. "Ni kweli," akasema taratibu. "Kasoro yake, Guleid?"

Guleid angeweza kusema lolote. Angeweza kusema ni upepo, au ni jiwe limenasa. Bilan alisubiri.

"Weka gari kando," Guleid alisema. Gari liliposimama alishuka, akavua kofia yake, akaishika mikononi. "Akipata joto, gia hazishiki. Anakuacha njiani mpaka apoe. Ilianza waranti ilipoisha, kampuni ikanikatalia. Nikaona aibu, nikaona hasara, nikaamua nikupe wewe mzigo wangu."

Weris alishuka naye, na macho yake yalikuwa makali. "Barabara hii unaijua, Guleid?"

"Naijua."

"Umemwona mtoto wangu?"

"Nimemwona."

"Na ungeniuzia?"

"Ningekuuzia," alisema Guleid. "Mungu anisamehe."

Ilibidi wasubiri Adey apoe, kwa hiyo waliketi chini ya mgunga. Weris alitoa chupa ya maji akampa Salah, kisha Bilan, kisha, baada ya kusitasita, akampa Guleid. Twiga walitokea upande wa pili wa barabara, wa kweli safari hii, wakavuka polepole kana kwamba ardhi ni laini mno kwao. Salah aliamka akawanyooshea kidole. Bilan alitamani wakati usimame pale pale, kwa kuwa hakujua baba yake angemwambia nini wakifika nyumbani.

Ghafla Weris akaanza kucheka. Alicheka hata mtandio ukamtoka kichwani, akaurudisha.

"Jana nilijaribu gari la mwenzako wa sokoni, Yarrow," alisema. "Aina hii hii, lilinunuliwa mwaka ule ule. Redio yake ilikuwa juu hata masikio yakaniuma. Nikajisemea, kumbe mzee huyu anapenda nyimbo namna hii! Juzi nikajaribu la Bare. Yeye aliniwekea taarifa ya habari, na kila nilipotaka kusema neno ananiambia, ngoja kwanza tusikie habari."

Guleid aliinua kichwa. "La Yarrow? Na la Bare?"

"Yote mawili. Nanyi wote mnauza kwa haraka."

Guleid alikuwa amedhani mkosi ule ni wake peke yake. Kumbe kila mmoja alikuwa na ugonjwa ule ule, na kila mmoja aliufunika kwa redio yake.

Jumatano ilipofika, Guleid alimwegesha Adey katikati ya soko la mifugo, mahali ambapo kila mtu angemwona, akapanda nyuma yake. Wanaume waliokuwa wakishikana vidole chini ya shuka, wakipatana bei bila kusikiwa na wengine, waliachana wakageuka.

"Jamani, mnajua sifichi kasoro ya mnyama," alisema. "Lakini ya gari hili nilitaka kuificha, na binti yangu akanizuia. Gia zake hazishiki akipata joto. Nani mwingine analo kama hili?"

Mtu mmoja alicheka. Wengine walitazama vumbi. Kisha mzee Yarrow akajikuna ndevu akasema, "Haye, hata langu." Bare akafuata. Mohamednoor, aliyekuwa amekuja kununua ndama tu, akasema la kwake lilianza mwezi jana. Kabla ya adhuhuri magari yalikuwa yamepangwa mstari mbele ya karakana ya kampuni, redio zote zimezimwa.

Meneja wa karakana alitoka nje, akashangaa. Aliwasha injini moja moja, akaziacha zipate joto, akasikiliza. "Mzee Guleid," alisema, "ulipokuja peke yako, nilidhani ni gari lako tu. Mtu mmoja akiumwa tumbo, tunasema amekula vibaya. Mtaa mzima ukiumwa, tunaangalia kisima. Hii si bahati mbaya, ni kosa la kiwandani. Siwezi kuahidi, lakini nitawapigia wakubwa zangu Nairobi leo."

Jibu halikuja upesi. Meneja alipiga simu, nao Guleid na wenzake walirudi karakana, wakiombwa subira tena na tena. Mwishowe kampuni ilikubali: mitambo mipya ya gia ingetolewa bure ingawa dhamana ilikuwa imeisha, nao wenye magari walipe kazi ya kuifunga tu. Yarrow alimuuzia Weris gari lake lililopona, baada ya Weris kuliendesha barabara yote ya Dadaab kwenda na kurudi bila wimbo hata mmoja. Guleid hakumuuza Adey tena. Alisema mgonjwa uliyemuuguza hauzwi.

Siku waliyomchukua Adey kutoka karakana, Bilan aliketi mbele karibu na baba yake. Tangu siku ile ya twiga baba hakuwa amemgombeza, wala hakuwa amezungumza naye juu ya jambo lile. Sasa aliuweka mkono kwenye ufunguo, lakini hakuuzungusha.

"Bilan, nilikuambia uwashe redio ili unisaidie kusema uongo. Baba hapaswi kumtuma mtoto wake kazi kama hiyo. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Aabo," alisema Bilan.

"Na ulikumbuke hili utakapokuwa mkubwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilipoificha kasoro, niliibeba peke yangu, na karibu nimtwike mama na mtoto wake. Nilipoitaja, nilipata watu wa kuibeba pamoja nami. Ukweli ulinitia aibu asubuhi moja tu. Uongo ungenitia aibu maisha yangu yote."

Aliwasha injini. Mkono wa Bilan ukaenda wenyewe kwenye redio.

"Ngoja," baba alisema, akitabasamu. "Kwanza tumsikilize."

Walikwenda mpaka nyumba zikaisha na vichaka vikaanza, madirisha yamefunguliwa, joto likiingia. Walisikia magurudumu na upepo, na kengele ya ngamia mahali fulani ambapo hawakuweza kupaona. Chini ya miguu yao hakukuwa na mbu.

"Sasa washa," alisema baba.

Bilan akawasha.