Gari Jeupe la Barjani

Kisa hiki alikisimulia kwanza Bi Semeni, shangazi yake Sabiri, siku ya pili ya Idi Kubwa mwaka 2023, barazani kwake Mwera, mbele ya jamaa. Tangu siku hiyo hajabadili neno.

Sabiri aliishi peke yake Raskazone, katika nyumba aliyoachiwa na bibi yake, Bi Time wa Pemba. Rafiki zake walikuwa wamehamia Dar es Salaam. Mchumba wake, Shadya, alikuwa kwao Pangani akingoja harusi ya mwezi wa saba. Akitoka kazini bandarini, Sabiri hufungua gemu la magari, lile ambalo mtu huzurura nchi nzima bila kupangiwa njia, akatafuta kona za milimani za kuteleza. Alikuwa makini. Kila gari alilolipangilia aliliandika daftarini: upepo wa matairi, ugumu wa springi, difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu, imebanwa kiasi gani.

Alasiri moja akakuta upepo wa nyuma ni ishirini na mbili. Daftari lilisema ishirini na nane.

Akadhani amesahau, akaingia barabarani. Gari likalala kwenye kona, mkia nje, bila kugusa ukingo. Hajawahi kuteleza hivyo. Chumbani palinuka udi, na chetezo cha marehemu bibi yake hakikuwa kimewashwa tangu matanga.

Kesho yake difu ilikuwa imebanwa zaidi, na gari likawa tamu zaidi. Siku ya tatu akaacha orodha ya magari wazi, akaenda jikoni kuchemsha chai. Aliporudi, lilikwishachaguliwa gari dogo kuukuu, jeupe, ambalo yeye alikuwa akilipita kila siku.

"Ahsante," akasema kwa sauti ndogo, akaona aibu. Kufika Ijumaa alikuwa akimimina vikombe viwili. Simu za Shadya ziliita mpaka zikakata.

Shadya akampigia Bi Semeni. Jumamosi shangazi akaja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwanamume mzima, na gari lenyewe halikufikishi hata Ngamiani." Kisha akasoma kibao cha namba cha gari kwenye kioo cha runinga, BARJANI, akashika mlango. "Nani kaandika jina hilo?"

"Mimi. Gemu liliuliza jina la kuweka kwenye magari. Nikakumbuka bibi alikuwa akimwita mtu hivyo, akidhani hatumsikii."

"Si mtu," Bi Semeni akanong'ona. "Ni ruhani wa mama, jini lake. Alipokufa tulikubaliana ukoo mzima jina lisitajwe, asije akadhani kapata mrithi. Kumwita ni kumpokea."

"Hana ubaya. Ananisaidia."

"Hapendi mwenza, Sabiri. Unadhani kwa nini babu yako alilala chumba cha uani mpaka akaondoka? Kwa nini sisi tumelelewa kwa watu?"

Jumapili mchana Bi Semeni akamleta Fundi Maulid, mtaalamu wa mambo hayo. Fundi akatandika mkeka, akafukiza, akanyunyiza marashi.

"Mtaje, useme: nimekuacha kwa wema, nawe niache kwa wema. Kisha ulifute gari lake."

Sabiri akashika pedi ya gemu. Kidole hakikubonyeza.

"Akiondoka, humu atabaki nani?"

"Wewe, mpaka mkeo aje," fundi akajibu.

"Mpaka mwezi wa saba."

"Sema, mwanangu," Bi Semeni akamsihi.

Jua la saa saba lilikuwa limejaa dirishani, na gari jeupe likajiwasha bila kuguswa, likatoka gereji, likapanda mlima, na mngurumo wake ukasikika kwanza kwenye spika, kisha nyuma ya ukuta, kisha chini ya mkeka, kisha ndani ya vifua vyao, na moshi wa matairi ukakijaza kioo chote, na harufu ya mpira unaoungua ikachanganyika na udi hata Fundi Maulid akakohoa, akakohoa tena, akasahau alikofika katika kisomo chake.

Sabiri hakusema neno aliloambiwa. Alichukua pedi ya pili, akaiweka taratibu mkekani, mahali pasipo na mtu.

Vitufe vyake vikaanza kubonyea.

Fundi Maulid alifariki mwaka uliofuata. Bi Semeni yu hai, ila Raskazone hajakanyaga tena. Shadya yu hai, ameolewa Muheza. Sabiri naye yu hai, yumo mle mle ndani. Hajaoa.