Tone Moja la Mafuta ya Karafuu

Kila alipotoka shule, Chapuchapu alitupa mkoba nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea cha mama yake, akavuta kigoda na kuanza kushona vifungo. Jina hilo alipewa kwa sababu hakujua kungoja. Chai aliinywa ingali ikifuka mvuke, swali alilijibu kabla halijaisha, na uzi aliukata kwa meno, maana mkasi ulikuwa mbali naye hatua mbili nzima.

Wiki ile kidonda kilikuwa kimerudi. Kilikuwa cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele, kimekaa ndani ya shavu la kushoto palepale kilipokaa mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake. Wiki nyingine angevumilia. Lakini Ijumaa wageni walikuwa wanakuja kufungua maktaba ya shule, na katika darasa zima mwalimu alikuwa amemchagua yeye kusoma risala.

"Mama, hiki kidonda kitapona lini?"

"Umeniuliza asubuhi. Umeniuliza tena ulipoingia."

"Basi kitapona lini?"

Mama alicheka, akasimamisha cherehani. Akaonyesha kichupa cha mafuta ya karafuu alichonunua sokoni. "Muuzaji amesema tone moja tu ndani ya kijiko cha mafuta ya nazi. Unachovya pamba, unagusa kidonda, basi. Wala humezi. Nikimaliza gauni hili nitakupaka mwenyewe."

Gauni lenyewe lilikuwa na marinda tele. Chapuchapu alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Mama alipotoka kumsindikiza mteja, mtoto alinyakua kichupa. Tone moja litafanya nini? Akalowesha pamba mpaka ikachuruzika, akaibana shavuni bila hata chembe ya mafuta ya nazi.

Moto! Machozi yalimtoka. Alitema, akasukutua, akajikaza. Mama aliporudi akamwambia, "Nimeshajipaka, mama. Tone moja, kama ulivyosema."

Asubuhi shavu lote lilikuwa limechubuka kwa ndani, na mdomo ulikataa hata kijiko. Mama alimmulika kwa tochi ya simu, akaruka. "Ameniuzia sumu yule!" Akatia kichupa mkobani, akamshika binti yake mkono, hao, mbiombio mpaka sokoni.

Muuza mafuta, mwanamke mwembamba mwenye miwani, alikuwa akihudumia wateja watatu.

"Dada, haya ni mafuta gani? Tazama mdomo wa mwanangu! Unatuuzia vitu vya kuchanganyachanganya, halafu unakaa hapo kama mtu mwema!"

"Mama, nisikilize kidogo. Mlimpaka kiasi gani?"

"Tone moja! Si ndivyo ulivyosema?"

Mteja wa kwanza alirudisha chupa mezani polepole. Wa pili alisema amekumbuka kitu nyumbani. Wa tatu aliondoka tu. Muuza mafuta akabaki na faneli ya kumiminia mkononi.

Chapuchapu alitazama chini, akatazama juu, akabadilisha mguu wa kusimamia. Angeweza kunyamaza. Nani angemlazimisha kusema na mdomo ule? Mama akainua kichupa ili soko lote likione.

"Ni mimi," mtoto akasema. Kila neno lilimchoma. "Sikutia mafuta ya nazi. Nilimimina mengi. Nikakudanganya, mama."

Mama alishusha mkono. Kisha, kwa sauti ileile aliyogombea nayo, akasema, "Jamani, huyu dada hana kosa! Kosa ni letu!" Akamgeukia. "Nisamehe, dada yangu. Nimekuvunjia heshima mbele ya watu."

"Yamekwisha," alisema muuza mafuta, akavua miwani na kuifuta. "Ila hicho kidonda, humrudia mara kwa mara?"

"Kila mwezi, palepale."

"Basi hicho si cha kuleta kwangu. Mpeleke kwa daktari wa meno."

Daktari aliingiza kioo kidogo mdomoni, akaguna. "Jino limemeguka ukingo, ndilo linalomkwaruza shavu. Unalifanyia kazi gani hili? Unafungulia chupa?"

"Nakatia uzi."

"Nani alikufundisha?"

Chapuchapu alimtazama mama. Mama akaziba mdomo wake mwenyewe kwa kiganja, na daktari akacheka mpaka kioo kikatikisika. Alilisawazisha jino likawa laini, akamwambia asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. "Mafuta yakichanganywa vizuri yanaweza kutuliza maumivu, lakini jino lingeendelea kukata hata ungeyaoga."

Ijumaa risala ilisomwa na mtoto mwingine. Chapuchapu alisimama mstari wa nyuma, vidole vikikunja na kukunjua pindo la sketi.

"Bado inauma?" mama aliuliza jioni.

"Shavu au risala?"

"Vyote."

"Risala zaidi."

Mama akamvuta karibu. "Itapoa. Sikiliza, mwanangu. Dawa ina kipimo chake na muda wake, ukiipapatikia inakuumiza, na hilo umelionja mwenyewe. Lakini uongo wako ulimchoma mtu aliyekuwa ametulia kazini kwake. Mimi nami nilipiga kelele kabla ya kuuliza. Kosa ulilotenda mbele ya watu hulisafishi chumbani. Kesho tunakwenda kukaa naye kwenye meza yake sokoni, na kila atakayeuliza tutamweleza ilivyokuwa."

"Asubuhi nzima?"

"Mpaka wateja wake warudi."