Rangi ya Mashua kwenye Nyumba ya Mama

Mume wangu Javan alikuwa fundi wa mashua huko Sindo, kando ya ziwa. Asubuhi alikunywa uji akiwa amesimama, kisha akashuka ufukweni na randa yake na misumari. Mimi nilibaki na shamba la mtama, kuni na watoto. Jioni alirudi akinuka rangi, mikono ikiwa na madoa ya bluu ambayo hata mafuta ya taa hayakuyatoa. Sasa Javan hayupo. Nikitaka kumkumbuka vizuri, huikumbuka kazi aliyoifanya kwenye nyumba ya mama yake.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini, maji ya ziwa yalipanda sana. Mama mkwe wangu, Mama Rusalina, alikuwa na nyumba ya udongo karibu na ufuko. Maji yaliingia hadi chini ya kitanda chake, na ukuta mmoja ukaanguka. Tukahamisha boma letu juu zaidi. Javan akasema mama yake hatalala tena mahali penye unyevu. Akamjengea nyumba ya mawe, akaipiga plasta ya saruji, akaiezeka kwa bati.

"Rangi nitaipaka mwenyewe," alisema. "Tena rangi yangu ya kazini."

"Rangi ya mashua?" nikamuuliza.

"Nyar Rusinga, umewahi kuona mashua yangu ikivuja?" Mimi nilizaliwa kisiwani Rusinga, na huko kwa mume wangu waliniita hivyo, binti wa Rusinga.

"Sijaona."

"Basi. Kama maji ya ziwa hayaingii, maji ya mvua yataingilia wapi?"

Niliona maneno yake yana akili. Hakungoja plasta ikauke vizuri. Alipaka rangi ile ya mafuta ndani na nje, mara mbili, mpaka nyumba ikang'aa. Watu waliokwenda sokoni walisimama kutazama.

"Javan!" mmoja akaita. "Nyumba hii inasafiri lini? Sioni makasia!"

Mama Rusalina alicheka mpaka akashika mbavu. Akahamia siku hiyo hiyo.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, rangi ilianza kuvimba. Ilitoka malengelenge kama mkono ulioungua. Ukibonyeza lengelenge moja, maji yanatoka. Nyuma ya kitanda kukaota ukungu mweusi. Nguo za mama zilinuka uvundo hata nikizianika kutwa. Kisha akaanza kukohoa.

Alihamia jikoni kwake, kwenye kibanda cha kupikia. Huko kulikuwa kukavu, lakini kulijaa moshi. Kikohozi kikazidi. Mganga wa zahanati alimpa dawa, akatuambia, "Dawa peke yake haitoshi. Huyu mama asilale kwenye unyevu, wala asilale kwenye moshi."

Tulirudi nyumbani. Nyumba yetu ilikuwa kavu na ilikuwa na chumba kitupu. Lakini kwetu Wajaluo, mzazi halali katika nyumba ya mwanawe. Javan hakuthubutu kumwomba. Hata hivyo mama alimsoma usoni.

"Usiseme," akamwambia. "Mimi nina nyumba yangu. Itengeneze."

"Nitaipaka rangi mara ya tatu, Mama. Nzito zaidi."

Kwa kuwa rangi ilikuwa imemwishia, tulipanda lori kwenda Homa Bay. Mimi nilibandua kipande cha rangi kilichokuwa kikining'inia ukutani, nikakifunga kwenye kitambaa. Nilitaka mtu mwingine akione.

Tulikwenda dukani kwa Bwana Gichana. Alikuwa Mkisii, Msabato, aliyeuza saruji, misumari na rangi. Tulikwenda Jumapili kwa sababu kila mtu alijua Jumamosi hafungui hata ukimletea dhahabu. Kwa kuwa kati yake na Javan hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, walizungumza Kiswahili.

"Fundi wa mashua!" akasema. "Umekuja kuchukua bluu?"

"Debe kubwa. Ni ya nyumba ya mama."

Gichana akaacha kutabasamu. "Nyumba ya saruji?"

"Ndiyo. Inavujisha maji ukutani. Nataka kuiziba kabisa."

Nikafungua kitambaa changu juu ya meza. Gichana alikichukua kile kipande, akakigeuza. Upande wa mbele ulikuwa bado unang'aa. Upande wa nyuma ulikuwa na plasta iliyolowa, na unga mweupe kama chumvi.

"Mama, umefanya vizuri kuleta hiki," akaniambia. Kisha akamgeukia Javan. "Tazama. Mbele kukavu, nyuma kumelowa. Sasa niambie, maji yametoka wapi?"

Javan alikigusa nyuma kwa kidole. "Nyuma," akasema polepole.

"Kwa hiyo sikuuzii bluu."

"Unafukuza mteja?"

"Namfukuzia hasara. Nyinyi watu wa ziwa mnataka kila kitu kielee!"

"Na nyinyi Wakisii," Javan akajibu, "mnaishi milimani kwa kuogopa kuoga."

Gichana akacheka kwa sauti, akavuta kiti. "Kaa, bwana. Nikueleze. Mashua inakaa ndani ya maji. Unataka maji yabaki nje, na rangi ya mafuta inayazuia. Lakini nyumba inakaa juu ya udongo. Udongo ukilowa, maji yanapanda ndani ya ukuta, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Tena plasta yako ilikuwa mbichi. Maji hayo yanataka kutoka. Wewe umeyafungia mlango, ndani na nje."

"Kwa hiyo yanasukuma rangi."

"Yanaisukuma mpaka inavimba. Umewahi kuvaa koti la mpira na kupiga kasia juani?"

"Mara nyingi."

"Shati lako linakuwaje?"

"Linalowa chepechepe."

"Na mvua haijanyesha! Ukuta wa mama yako umevaa koti la mpira."

Javan akashika kichwa. "Niupake nini sasa?"

Gichana akaweka makopo mawili juu ya meza. "Rangi ya maji. Inachanganywa kwa maji, na brashi inaoshwa kwa maji. Ikikauka, maji ya mvua hayaipenyi kwa urahisi, lakini ukuta unaweza kupumua. Ziko aina mbili. Hii ya kwanza ni lateksi ya kawaida. Ni laini na bei yake ni nafuu. Ipake ndani. Hii nyingine ni akriliki. Gundi yake ni kali zaidi. Inastahimili jua na mvua, na haipasuki upesi. Ipake nje."

"Nikipaka ile ya bei nafuu nje?" nikauliza.

"Itapendeza kwanza. Halafu jua litaigeuza unga, na mvua itaiosha. Utapaka tena na tena."

"Na nikipaka akriliki mpaka ndani?"

"Haitadhuru. Lakini ndani hakuna mvua wala jua kali, kwa hiyo utatumia fedha zaidi bila sababu. Ila pale mama anapoweka mtungi wa maji, papake akriliki. Pataoshwa mara kwa mara."

Javan alinyoosha mkono kuchukua makopo. Gichana akayarudisha nyuma.

"Bado. Rangi nzuri juu ya ukuta uliolowa ni kazi bure. Chini ya ukuta kuna nini?"

"Kuna tuta la udongo," nikamwambia. "Tumelirundika kuzunguka nyumba, watu wakae. Na maji ya bati yanaangukia hapo hapo."

"Hapo ndipo unyevu unapoanzia. Ondoeni tuta. Chimbeni mfereji, maji ya bati yaende mbali. Kisha bandueni ile rangi ya mashua yote. Ilowesheni kwanza, msiikwangue ikiwa kavu, maana rangi za namna hiyo huwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Fungeni kitambaa puani. Watoto wakae mbali, na magamba yafukieni mbali na kisima na ziwa. Sugueni ukungu kwa brashi na sabuni. Halafu acheni ukuta wazi, upigwe na jua na upepo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ukauke kweli. Bandika karatasi ya nailoni ukutani, uizibe pembeni kote. Kesho yake ukiona matone ndani yake, ngoja. Usione haya kungoja."

Kiangazi cha Januari kilikuwa kimeanza. Javan aliusafisha upande mmoja wa kibanda chake cha kutengenezea mashua, akauzungushia mikeka ya mafunjo, akamwekea mama kitanda. Hakukuwa na moshi wala unyevu, na kibanda cha kazi hakihesabiwi kuwa nyumba ya mwana. Mama alilalamika kwamba analala kati ya mbao kama aliye ndani ya jeneza, lakini alikubali.

Tulifanya kazi kama tulivyoambiwa. Mimi niliondoa tuta kwa jembe. Javan alichimba mfereji, akakwangua ukuta uliolowanishwa, amefunga kitambaa changu cha kichwa puani. Mara mbili nailoni ilionyesha matone. Mara mbili alikunja uso, akarudi ufukweni bila kupaka. Mara ya tatu ilikuwa kavu. Alipaka mkono wa kwanza kwa rangi iliyoongezwa maji kidogo ili ishike. Ulipokauka, akapaka wa pili. Lateksi nyeupe ndani, akriliki ya rangi ya maziwa nje na pale penye mtungi. Nyumba haikung'aa tena. Ilionekana imetulia.

Mwezi wa Machi mama alirudi nyumbani kwake. Wiki hiyo hiyo mvua kubwa ikaja. Ilipiga bati mpaka hatukusikiana. Asubuhi Javan hakungoja uji. Alikimbia kwa mama yake, nami nikamfuata nyuma nikiteleza matopeni.

Mfereji ulikuwa umejaa, maji yakikimbia kuelekea bondeni. Javan aliugusa ukuta wa nje. Akaingia ndani. Akapapasa ukuta nyuma ya kitanda, juu, chini, kwenye kona. Akanitazama, mkono ukiwa bado ukutani.

"Mkavu," akasema. Macho yake yalijaa machozi, naye akajifanya anapiga chafya.

Mama Rusalina alijifunika blanketi mpaka kidevuni. "Unaupapasa kama unanunua ng'ombe," akamwambia. "Ukuta wako una miguu minne, nimeihesabu. Sasa toka, nilale."

"Umelalaje, Mama? Kifua?"

"Kifua gani? Kilichonisumbua leo ni wewe."

Tukatoka na kufunga mlango. Tulisimama nje, mvua nyepesi ikitunyeshea, tukisikiliza. Tulingoja kikohozi. Baada ya muda tukasikia mama anakoroma.