Mwaka Usiofunikwa

Siku hiyo lango la viwanja vya maonyesho lilikuwa limefurika watu, na katikati ya lango, kama mfupa kooni, kigari cha gofu kilikuwa kimekwama. Juu yake walikaa bibi na bwana harusi. Kigari chenyewe kilikuwa kimevishwa vitambaa vyeupe, riboni za dhahabu na maua mpaka magurudumu hayaonekani. Nyuma magari yalipiga honi, mbele watu walitoa simu kurekodi, na bibi harusi alikaribia kulia na wanja wake wote ule.

Mwanamke mmoja akajipenyeza kwenye umati. Alivaa ovaroli ya buluu iliyokunjwa mikono, kilemba cha zambarau, na hereni ndefu ambazo hakuna aliyewahi kumshawishi azivue kazini. Vigari vyote vya viwanja vile vilikuwa mikononi mwake, na watu walimwita Fundi tu.

"Nani mwenye hiki?"

"Mimi," alijibu kijana mmoja mrefu, shati lake jeupe limemganda mgongoni kwa jasho. "Mimi ni mpambaji wa harusi. Dada, niokoe, naumbuka."

"Cha mwaka gani?"

"Kipya tu. Cha juzijuzi."

"Juzi yako na juzi yangu huenda si moja."

"Dada, watu wanapiga honi, wewe unauliza umri?"

"Daktari asipouliza umri atakupa dawa ya mtoto. Bwana harusi, inuka kidogo. Na mkeo pia."

Aliinua kiti, akakuta waya wa betri umelegea, akaukaza kwa spana. Kigari kikashtuka, kikaenda. Watu wakashangilia. Mpambaji alibaki amesimama akiangalia hereni zile zikiondoka.

"Kilete gereji!" Fundi alimpigia kelele bila kugeuka. "Hicho si kipya!"

Kesho yake alikileta, na maua mkononi.

"Haya ya nani?" Fundi aliuliza.

"Yalibaki jana harusini."

"Angalau husemi uongo," akasema, akayaweka kwenye kopo la mafuta tupu.

Kisha akapiga goti na kumulika chini ya dashibodi. Palikuwa na kibao kidogo cha namba. "Tarakimu mbili za mwisho ndizo mwaka," alisema.

Mpambaji akasoma, akapiga kofi. "Umeona? Kipya!"

Fundi aliinua kiti, akazitazama betri kwa muda mrefu, akaguna. Halafu akajilaza chali, akaingia chini ya kigari upande wa nyuma, akafuta grisi kwenye fremu ya chuma kwa kitambaa.

"Njoo ulale hapa."

"Na shati hili?"

"Basi baki na shati lako."

Akalala. Juu ya vichwa vyao, kwenye chuma, kulikuwa na namba nyingine, na mwaka wake ulikuwa wa zamani mno.

"Hivi ni vigari viwili," Fundi alisema taratibu. "Bodi ya mbele imetoka kwenye kipya kilichogongwa, na kibao chake kimekuja nayo. Fremu, mota, mpangilio wa betri, vyote ni vya toleo la zamani. Aliyekuuzia kakibandika uso wa mtoto kwenye mifupa ya mtu mzima."

"Nimeibiwa!"

"Kwenye uso, ndiyo. Lakini mifupa hii ni mizuri kuliko ya hivi vipya. Ila ukinunua chaja ya uso badala ya chaja ya mifupa, utakiunguza. Kitu ukikijua umri wake utakitunza. Ukikidanganya unakiua."

Mpambaji aligeuza kichwa. Walikuwa karibu mno. "Na wewe, Fundi, ni toleo la lini?"

"Nina arobaini na mbili. Niliolewa, nikaachika, sijafa. Wewe je?"

"Thelathini na tatu." Akajitia adabu. "Basi shikamoo, Fundi."

Fundi alimtupia kitambaa cha grisi usoni, akacheka mpaka hereni zikacheza.

Tangu hapo simu zikawa hazipoi. "Mgonjwa wangu kalia tena," mpambaji alikuwa akisema. "Nani, kigari?" "Hapana, moyo." "Moyo sina spea zake." "Basi njoo uukaze tu, mpenzi." Fundi alijiambia huo ni utoto, na alijikuta akipaka rangi ya mdomo kabla ya kupokea simu, kana kwamba sauti inaonekana. Alimpenda. Hakuona sababu ya kuificha nafsi yake jambo hilo.

Ndipo mpambaji akampeleka kwa mama yake. Fundi alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni. Sebuleni makochi yalivikwa vitambaa vya kufuma, na mama mtu alimpokea vizuri, akampa kinywaji, akamtazama kuanzia kilemba hadi viatu.

"Mwanangu kaniambia una thelathini na moja," mama alisema. "Umri mzuri. Bado una nafasi."

Fundi akamgeukia mpambaji. Naye alikuwa anakitazama kitambaa cha meza, anakinyoosha pembe ambayo haikuwa na mkunjo.

Iliuma. Iliuma kuliko talaka, maana kwenye talaka alikataliwa yeye mzima mzima, na hapa alikuwa amependwa nusu.

"Mama, nina arobaini na mbili," alisema, akaweka glasi chini. "Samahani kwa chakula ulichopika. Mwanao kanibandika bodi ambayo si yangu."

Akatoka. Simu ikamfuata barabarani.

"Nilitaka kukulinda, mpenzi."

"Unilinde na nini? Na miaka yangu? Nimeilalia njaa hiyo miaka, nimeitolea jasho, leo unaitoa kumi na moja kama shanga?"

"Nisikilize..."

"Kanunue chaja ya uso, Mpambaji." Akazima.

Dada yake mkubwa alipopata habari alipiga simu kumlaumu. "Si ungenyamaza tu? Mwanamume mzuri vile! Miaka haiandikwi usoni."

"Usoni haiandikwi, dada. Imeandikwa kwenye mifupa, na mifupa ndiyo inayonibeba."

Alisema hivyo kwa kiburi, kisha akaenda kulia nyuma ya rafu ya matairi, kwa sababu kiburi hakizuii machozi. Lakini simu ya mpambaji hakuipokea.

Adhuhuri moja kigari kikaingia gereji. Hakikuwa na ua wala riboni. Kilikuwa kitupu, mikwaruzo yake yote nje, na mbele, kwa rangi nyekundu, ulikuwa umeandikwa ule mwaka wa kwenye fremu, kwa tarakimu kubwa za kusomeka toka mbali. Mpambaji alishika usukani. Nyuma, mkoba mapajani na uso umekunjwa, alikaa mama yake.

"Nimekizungusha hivi mjini," mpambaji alisema. "Mteja kaniuliza kwa nini natembeza kizee."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba ndicho ninachokipenda, akitaka kingine akatafute. Fundi, kazi yangu ni kufunika. Nikiona kitu kitatazamwa na watu, mkono unaenda wenyewe kwenye kitambaa. Si kwamba nilikuonea aibu..."

"Ulinionea."

Aliachia usukani. "Nilikuonea. Nilimwogopa mama. Nimemwambia kweli mbele ya wajomba zangu wote."

"Na bado nimekasirika," mama akadakia. "Mimi nataka wajukuu."

"Mama, sijui kama nitawapata," Fundi alisema. "Sitakuahidi mtoto ili nipate mume."

Mama aliuvuta mkoba kifuani. "Wewe angalau unasema," alisema mwishowe. "Huyu tangu utotoni anafunika hata meza mbovu." Akateremka kwa shida. "Kiti cha kukaa hamna hapa?"

Mpambaji alikuwa amekwisha piga goti kwenye grisi, na safari hii hakuulizia shati. "Kubali nikuoe."

"Siolewi kichinichini."

"Mchana kweupe."

"Kwenye hiki. Na usukani nashika mimi."

Siku ya harusi lango lilikuwa limefurika vilevile. Mpambaji alikuwa ameamka mapema kukipamba kigari, akakivisha maua mpaka kwenye magurudumu. Fundi alikuja na gauni jeupe na hereni zake zilezile, akasimama mbele ya kigari, akakikazia macho. Mpambaji akafuata macho yake. Utepe mpana wa dhahabu ulikuwa umepita juu ya mwaka, umeufunika wote. Hakukumbuka hata alivyoufunga. Aliushika, akaurarua, akautupa chini kabla bibi harusi wake hajafungua kinywa.

Wakapanda, Fundi kwenye usukani, mpambaji kando yake, mama mkwe nyuma, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametabasamu. Kwenye umati mtu mmoja akasoma namba zile, akacheka kwa sauti.

"Ebo! Kizee hicho!"

Mama mkwe akachomoza kichwa katikati ya maua. "Kizee ndiyo! Kwani unakisukuma wewe? Pisha!"

Fundi akakanyaga pedali, na watu wakapisha.